Ipashe Moto Kwanza

Jumapili, 15 Machi

Daftari hili sikulitaka. Mdogo wangu amelileta leo pamoja na maboksi manne, akavibwaga vyote kwenye meza yangu ya gereji. "Dada, andika kila kitu," akasema. "Pedi ipi, joto gani, imeshika vipi, tarehe. Wewe unayo yote kichwani, lakini mimi kichwa chako siwezi kukifungua." Haya, ninaandika.

Maboksi ni breki mpya za gari yake ya mbio. Kalipa, zile koleo zinazoikamata diski, zina pistoni sita kila moja, diski ni pana kama sinia, na mipira ya mafuta imevikwa chuma. Kila kitu kimo isipokuwa pedi, vile vibao vinavyoibana diski. Walioziuza wanasema pedi achague mwenye gari kulingana na matumizi yake, na mwenye gari amenitupia mimi, kwa kuwa nimekula miaka ishirini na sita kwenye breki na masikio yangu bado yanaitambua breki mbovu. Mbio ni tarehe 6 Juni, mvua zikishaisha. Mizunguko kumi. Mwaka jana breki zilimkataa mzunguko wa saba, akaingia kwenye ukuta wa matairi, akatoka na mbavu mbili zimevunjika. Nilikuwa nimesimama palepale nikiona. Sitaki kuona tena.

Asitegemee niandike sana. Mimi si mtu wa maneno mengi. Nikiona fundi anamweleza mteja robo saa nzima, najua hajui anachokifanya. Mteja mpe neno moja aende zake.

16 Machi

Mvua ya kwanza. Gia boksi ya kigari cha wifi bado sijaitengeneza.

19 Machi

Wifi amekuja gereji na mwavuli, viatu ameshika mkononi. Wifi ndiye mke wa mdogo wangu. Kigari chake kimelala kwangu tangu Februari, gia boksi imekufa. Mume huondoka alfajiri na gari ya kazini, kwa hiyo wifi anampeleka Kijino shule na ile ya mbio. Kijino ni binti yao, ana miaka saba na pengo la mbele.

"Wifi, kigari changu vipi?"

"Kinakuja."

"Wiki jana ulisema hivyohivyo."

"Na leo nimerudia, ili usisahau."

Akacheka kwa adabu, akaondoka. Wifi ni mwoga wa gari, hilo linajulikana. Ile ya mbio anaiendesha kiti amekivuta mbele mpaka pua inakaribia kioo, na injini ikinguruma kidogo tu anaomba radhi kwa watu barabarani.

28 Machi

Pedi za kwanza, zile za kawaida za barabarani. Baridi zinashika vizuri mno, unagusa tu na gari inasimama. Uwanjani zilitoa moshi mzunguko wa tano. Kipimajoto kilisoma nyuzi mia tano na themanini. Nimezing'oa zimepasuka pembeni. Hazifai.

3 Aprili

Kifaa cha gia boksi ya wifi kimefika. Nimekiweka rafu ya juu.

7 Aprili

Mvua kutwa. Nashuka kwa miguu kila asubuhi, maana gereji iko chini ya mteremko na sisi tunakaa juu yake, mimi nyumba hii na mdogo wangu nyumba ile, ukuta mmoja katikati. Kutoka getini kwetu mpaka shuleni hakuna kona wala tuta, ni kushuka tu moja kwa moja mpaka kwenye mstari mweupe wa watoto kuvuka. Hapo mstarini anasimama Bi Kibendera na kibendera chake chekundu. Ana zaidi ya miaka sitini, mnene, mcheshi, na gari ikipita mstari hata kwa shubiri moja anaipiga kofi kwenye boneti. "Umekula mstari wangu," anamwambia dereva. "Utaulipa kesho kwa kusimama mbali."

Mimi ananiita Bi Spana. Leo ameniuliza, "Bi Spana, hivi gari zote zinazoshuka hapa umezishika wewe?"

"Nyingi."

"Basi mimi nasimama hapa kwa dhamana yako."

Tukacheka sote wawili, mvua inatupiga.

11 Aprili

Pedi za pili, za kati na kati. Baridi zinashika, moto zinavumilia. Mzunguko wa nane zikachoka. Mdogo wangu akaingia kona ya mwisho gari imemzidi, matairi yakala majani, kidogo tu atoke uwanjani. Aliposimama midomo ilikuwa imempauka. "Dada, nilikanyaga ukuta. Pedali imekaza na gari inakwenda." Niligeuka nikajifanya natafuta spana nambari kumi na saba. Sikutaka aone uso wangu.

Mama alipokuwa anakata roho alinishika mkono akasema mwangalie huyu. Hakusema mwangalie na mwingine.

15 Aprili

Gia boksi bado.

25 Aprili

Pedi za tatu. Hizi ni za mbio tupu. Boksi lake linaonya kwamba kabla ya nyuzi mia mbili zisitegemewe. Asubuhi nilizijaribu zikiwa baridi. Nilitoka gereji mwendo wa kuku, nikakanyaga kabla ya geti, nikasimama katikati ya barabara. Kama mbao. Nikaenda nazo barabara ya nyuma, nikakanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, mara kumi na tano huku gari inatembea, mpaka zikapata moto. Hapo ndipo zikauma vizuri, karibu nijigonge kwenye usukani.

Uwanjani mdogo wangu amepiga mizunguko kumi na miwili. Hazikutikisika. Nyuzi mia sita na arobaini, pedali ileile ya mwanzo. Alishuka akanibusu kwenye paji la uso mbele za watu. Nimefurahi kama mtoto.

27 Aprili

Leo tumegombana.

Nimemwambia, "Pedi hizi si za kwenda nazo shule. Katikati ya wiki mke wako nimfungie za kawaida, Jumamosi nakufungia hizi."

"Dada, wewe ndiye uliyenifundisha. Kila pedi inaacha ngozi yake kwenye diski. Ukichanganya mbili, diski zinatetemeka na breki haieleweki. Unataka nitetemeke mzunguko wa tisa?"

Ni kweli nilimfundisha mimi, na ni kweli diski zinaharibika. Nikamwambia basi mkeo asiiendeshe kabisa.

"Aende na nini, na mtoto, mvua hii? Mtengenezee kigari chake."

"Kigari chake na breki zako vinagombania mikono hii hii miwili."

"Basi maliza zangu kwanza. Ni wiki sita tu. Mke wangu anaendesha kama anabeba mayai, hawezi kumgonga hata kuku."

Nikakubali. Nilikuwa naona ule ukuta wa matairi. Huyu akikosa breki anakosa akiwa kwenye kasi ya kufa, wifi akikosa anakosa akiwa pole pole. Ndivyo nilivyopima. Naandika ili ibaki.

2 Mei

Mvua. Ukuta wa jirani umeanguka. Hakuna aliyeumia.

9 Mei

Nimefunga pedi za mbio, za kukaa mpaka Juni. Tumezizoesha kwenye diski jioni nzima. Harufu yake imeganda kwenye nywele, nimeoga mara mbili na bado ninaisikia.

10 Mei

Nimemwambia wifi. Alikuwa anaanua nguo, mvua inakuja, beseni kiunoni. Nikamwita juu ya ukuta.

"Wifi, hiyo sasa ni ya mbio. Asubuhi usiondoke hivihivi. Ipashe moto kwanza."

"Sana?"

"Mpaka uone imekubali."

"Sawa, wifi. Nitaipasha."

Kwisha. Neno moja.

13 Mei

Asubuhi gari ya mbio imenguruma uani kwao dakika kumi nzima kabla ya kutoka. Kijino atakuwa alikuwa anatafuta soksi.

14 Mei

Nimeingia kwenye gari kuangalia mafuta ya breki. Wifi amebandika karatasi kwenye dashibodi, herufi kubwa za kalamu nyekundu, IPASHE MOTO KWANZA. Nimemvulia kofia. Nilimdharau bure huyu mwanamke. Akiambiwa jambo analishika.

15 Mei

Amenguruma tena. Dakika kumi.

16 Mei

Bi Kibendera amenisimamisha nje ya gereji, hakucheka.

"Bi Spana, mwambie wifi yako. Amekula mstari wangu mara mbili wiki hii. Jana nilipiga boneti, na boneti ilikuwa inanijia."

"Yule mwoga anakanyaga breki kwa kidole gumba. Nitamwambia akanyage kwa mguu."

"Mwambie," akasema. Halafu akaangalia juu ya mteremko, maji yanashuka kahawia. "Mvua hii siipendi."

Jioni nilimwambia wifi akanyage kwa nguvu, asiionee huruma. Akasema sawa.

18 Mei

Mdogo wangu analalamika kwamba mafuta ya gari yanaisha kabla ya Jumamosi. "Yule anakaa anaunguruma tu pale uani. Kuogopa gani huku?" Tukamcheka. Mimi nilicheka kuliko yeye.

19 Mei

Mvua usiku na mchana. Gia boksi bado. Kifaa kimeanza kushika vumbi.

20 Mei

Leo dakika kumi na tano. Nimezihesabu nikinywa chai.

Alhamisi, 21 Mei

Nitaandika yote, kama nilivyoamrishwa.

Niliamka na mlio. Mvua ilikuwa kubwa, lakini mlio ulikuwa chini yake, ule mngurumo wa gari iliyosimama. Nikapiga mswaki, bado inanguruma. Nikavaa, bado. Nikatoka na mwavuli mpaka kwenye ukuta. Wifi alikuwa ndani ya gari, mikono juu ya usukani, gari haijasogea hata hatua, moshi unatoka nyuma. Kijino kiti cha nyuma anaimba.

"Wifi," nikaita, "mbona unachoma mafuta hivyo? Mtoto si yuko tayari?"

Akashusha kioo kidogo, anatabasamu, anajifuta mvua usoni. "Juzi iliteleza pale chini, nikajua sikuipasha vya kutosha. Leo nimeipasha dakika ishirini."

Mimi nikasimama na mwavuli mkononi. Aliyasikia maneno yangu sawasawa kama nilivyoyasema. Kwa midomo yetu sisi gari ni i na breki ni i, na watu wote wanapasha gari moto asubuhi. Alikuwa amekaa uani siku zote hizi anaipasha injini, na breki ziko palepale, baridi, zimelowa.

Akapandisha kioo, akapunga mkono, akatoka getini.

Nilipiga kelele. Mvua ikazila. Nikarusha mwavuli nikazunguka ukuta, nikatoka getini kwangu, na gari ilikuwa imeshaanza kushuka. Nilikimbia. Nina miaka hamsini na mitatu na goti bovu, na nilikimbia mteremko ule na ndara moja. Niliona taa nyekundu za nyuma zikiwaka. Ziliwaka mapema kabisa, katikati ya mteremko. Alikanyaga mapema, kwa nguvu, kama nilivyomwambia. Taa zinawaka na gari inakwenda. Haikuwa kasi. Ndilo linalonitafuna, haikuwa kasi hata kidogo. Ilikuwa inashuka tu, haisimami.

Bi Kibendera alikuwa ametoka mstarini na kibendera juu, watoto sita nyuma yake wameshikana mikono. Aliona taa za mbele. Akanyoosha kibendera kama kila siku. Halafu akaelewa, akageuka, akawasukuma watoto kwa mikono miwili, wakaangukia kwenye maji ya ukingoni. Yeye hakuwahi.

Nilipofika wifi alikuwa amesimama nje ya gari, mvua inamwangukia, Kijino amembeba, mdomo wa Kijino umechanika. Aliponiona hakulia. Alisema kwa sauti ya mtu anayejibu swali la mtihani:

"Niliipasha, wifi. Dakika ishirini. Niliipasha."

Nilipiga magoti kwa Bi Kibendera. Macho yake yalikuwa wazi. Alisema kitu sikukisikia, mvua. Mkono wake bado ulikuwa na kile kibendera.

22 Mei

Wifi yuko kituoni. Hawajamtoa. Bi Kibendera yuko hospitali, hajaamka.

Nilikwenda gereji nikafunga milango kwa ndani, nikashusha kile kifaa rafuni, nikafunga gia boksi. Imenichukua saa tano tu. Kazi ya saa tano. Kigari kimewaka mara ya kwanza.

Jumamosi, 23 Mei

Bi Kibendera amefariki saa nne asubuhi. Mwanawe amenipigia, kwa sababu mama yake alikuwa akinitaja nyumbani. "Alikuwa anasema ana dhamana yako," akaniambia. Hakuwa ananilaumu. Hajui.

Jumapili, 24 Mei

Mdogo wangu amekuja, hakuketi. Wifi anashtakiwa kusababisha kifo kwa uzembe. Polisi wanasema alitoka na gari isiyo ya barabarani huku akijua. Analia muda wote, na kila akiulizwa anarudia kwamba aliipasha, na wao wanamwona amechanganyikiwa.

Nikamwambia, "Wanayo ile karatasi ya kwenye dashibodi. Itaeleza."

Akaangalia sakafu. Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, wino mwekundu umevuja. Aliibandua mwenyewe kabla gari haijavutwa.

"Dada, nisikilize. Ile karatasi inaanza kwa mke wangu, inakuja kwako, halafu kwangu. Gereji watafunga. Wewe unaweza kwenda jela. Yeye hana kosa la nyuma, alikuwa mwendo wa pole, wakili anasema watamhurumia." Akaelekeza kidole kwenye daftari hili. "Na hapo umeandika. Tarehe kumi. Chana huo ukurasa. Chana na wa tarehe ishirini na saba."

"Wewe si ndiye uliyesema niandike kila kitu?"

"Niliongelea pedi, dada."

Nilimwangalia. Nilimbeba mgongoni huyu. Nilimfundisha kushika spana kabla hajajua kushika kalamu. Nimekaa miezi miwili na zaidi nikihofia asife, na kila nilipomhofia yeye, kuna mtu nilimsogeza pembeni. Hakuwa amemuuliza mkewe kwa nini gari inanguruma uani. Mimi pia sikumuuliza. Tulicheka.

"Kijino yuko wapi?" nikauliza.

"Kwa jirani."

"Mlete alale kwangu. Na hiyo karatasi niachie."

 Mwishowe akaiweka mezani, akatoka bila kuaga.

Jumatatu, 25 Mei

Mvua imekatika. Jua limewaka kana kwamba halikuwepo jambo. Nimempeleka Kijino shule na kigari cha mama yake. Nimekanyaga breki kuanzia getini, njia nzima, mpaka mstarini. Mstarini hapakuwa na mtu. Watoto walivuka wenyewe, wakitazama juu ya mteremko.

Sasa naandika nikiwa kwenye benchi la kituo. Nimempa afande daftari na ile karatasi. Ni kijana, ana miwani, anasoma pole pole kwa kidole. Alisoma kuhusu pedi za kwanza, za pili, za tatu. Hakuelewa, nikamweleza. Nimemweleza karibu saa nzima, breki baridi ni nini, breki moto ni nini, zinapashwa vipi na kwa nini. Sijawahi kumweleza mtu kwa muda mrefu hivyo maishani mwangu.

Kisha akafika tarehe kumi. Akasoma kwa sauti, "'Ipashe moto kwanza.'" Akasoma mara ya pili. Akaninyanyulia macho.

"Ipashe nini, mama?"

Nyuma yake mlango ulikuwa wazi nusu, nikamwona wifi amekaa kwenye sakafu ya korido, kanga ya mabegani imelowa machozi, anasikiliza.

"Breki, afande," nikasema, kwa sauti ya kumfikia yeye. "Lakini neno hilo sikulitamka."

Wifi akaweka uso kwenye magoti. Afande amenirudishia daftari niandike haya na niweke sahihi chini yake, ndipo alichukue.